Mafunzo ya kiangazi ya jinsia na sera: Nani anayelipa?

KATI ya Januari na Machi kila mwaka, wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaosomea masuala ya jinsia na sera katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya huwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni ule wa darasani. Wa pili ni kutafuta ofisi itakayowapokea kwa mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ya kiangazi, na papo hapo kumpata atakayelipia nauli, pango na chakula kwa majuma yote watakayokuwa huko.

Mtihani wa pili ndio huwaangusha wengi, wakiwamo wanaoongoza darasani.

Kiangazi kinachozungumzwa hapa si kile cha jua kali na vumbi kinachofahamika Dodoma na Shinyanga. Ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati vyuo vya nchi za Kaskazini vinapofungwa. Shahada ya uzamili ya sera za umma nchini Marekani huchukua kwa kawaida miaka miwili, hivyo mwanafunzi huwa na kiangazi kimoja tu katikati ya masomo yake. Akikipoteza, huhitimu akiwa amesoma mengi kuhusu sera bila kuwahi kukaa meza moja na wanaoziandika, na mwajiri anayepitia maombi ya kazi huliona pengo hilo mara moja.

Pengine msomaji atauliza, mwanafunzi wa jinsia na sera huenda kufanya nini ofisini? Mfano wa karibu unatosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 iwapo amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Msomaji wa kawaida wa sheria anaweza kuishia hapo. Kwa mtafiti wa jinsia, habari ndiyo kwanza inaanza: ni wanawake wangapi wenye mwajiri?

Mama lishe wa Kariakoo, mkulima wa Mbozi na muuza samaki wa Feri hawana wa kumwandikia barua ya kuomba likizo. Kazi ya mchambuzi ni kuwahesabu walioachwa nje ya sheria, kukadiria gharama ya kuwaingiza, kisha kuandika kurasa mbili ambazo mbunge au katibu mkuu wa wizara anaweza kuzisoma akiwa ndani ya gari na kuzielewa.

Ufundi wa kurasa hizo mbili hupatikana kwa kukaa karibu na mtu aliyewahi kuziandika na kukataliwa mara kadhaa. Ndiyo maana mafunzo ya kiangazi yana thamani kubwa kuliko urefu wake wa wiki nane au kumi unavyoonyesha.

Tatizo ni malipo, na katika fani hii tatizo hilo lina sura ya pekee.

Kwa miongo kadhaa wataalamu wa jinsia wamekuwa wakidai kuwa kazi isiyolipwa ihesabiwe. Mwaka 1988 mwanauchumi na mbunge wa zamani wa New Zealand, Marilyn Waring, alichapisha kitabu kilichohoji kwa nini hesabu za pato la taifa huiruka kazi ya kuteka maji, kupika na kulea. Miaka 30 baadaye, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa watu duniani hutumia saa bilioni 16.4 kila siku katika kazi za malezi na za nyumbani zisizo na malipo, na kwamba asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 yakaweka jambo hilo katika maandishi: kipengele cha nne cha lengo la tano kinazitaka nchi kuitambua na kuithamini kazi hiyo.

Wakati huo huo, mlango wa kuingilia katika fani hiyo hiyo umekuwa kwa miaka mingi ni kazi isiyolipwa.

Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ambako ndoto za wanafunzi wengi wa sera huelekea, ni mfano ulio wazi. Kwa mujibu wa waraka wake wa kiutawala wa mwaka 2020, mwanafunzi anayekwenda kujifunza kazi halipwi. Nauli, bima, viza, malazi na chakula ni juu yake mwenyewe au taasisi inayomdhamini. Mafunzo hayo hudumu si chini ya miezi miwili, na hayapaswi kuzidi miezi sita. Anayezijua bei za vyumba vya New York au Geneva hahitaji kuelezwa zaidi.

Agosti 2015 suala hilo lilizua gumzo duniani baada ya kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand kukutwa akilala katika hema mjini Geneva huku mchana akijifunza kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa. Baadaye alikiri kuwa alikusudia habari yake ivute macho ya watu. Kukiri huko kuliwaudhi baadhi ya waliomhurumia, lakini hakukubadilisha hesabu: posho hakuwa nayo, na mji ulikuwa ghali kama ulivyo.

Kuna upande mwingine wa suala hili ambao hauzungumzwi sana, nao unawagusa wanawake moja kwa moja. Asiyelipwa, mbele ya sheria, anaweza asihesabiwe kuwa mfanyakazi; na asiyekuwa mfanyakazi huweza kukosa kinga alizowekewa mfanyakazi.

Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili nchini Marekani iliamua kesi ya mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyelalamika kuwa alinyanyaswa kijinsia na daktari wa hospitali alikokuwa akijifunza kazi. Mahakama ilisema kwa kuwa hakuwa akilipwa, hakuwa mwajiriwa, na hivyo hakuweza kudai chini ya kifungu cha ajira cha Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mwaka 2013 jaji wa shirikisho jijini New York alifikia uamuzi unaofanana na huo katika kesi nyingine, safari hii kwa kutumia sheria za jimbo na za jiji.

Uamuzi huo wa pili ndio ulioamsha watunga sheria. Jimbo la Oregon lilikuwa limeshapitisha sheria ya kuwalinda wanafunzi wa aina hiyo mwaka huo huo wa 2013, na mwaka 2014 Jiji la New York, kisha Jimbo la New York, wakafuata. Ni vyema kukumbuka kuwa kinga hizo ni za majimbo na miji. Mwanafunzi anayevuka mpaka wa jimbo anaweza kuiacha kinga yake nyuma.

Malipo nayo yamekuwa yakibadilika, ingawa kwa mwendo wa kobe. ILO ilitangulia mashirika mengi ya Umoja wa Mataifa kuwalipa posho wanaojifunza kazi. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililolitaka Shirika la Afya Duniani (WHO) kuanza kuwasaidia kifedha wanafunzi wake ifikapo 2020, na kuhakikisha kuwa kufikia 2022 angalau nusu ya wanaopokewa wanatoka katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Azimio hilo lilikuwa ni kukiri kwamba, bila posho, shirika la afya ya dunia nzima lilikuwa likiwalea zaidi vijana wa nchi tajiri.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Masuala ya Wanawake, UN Women, lililoundwa Julai 2010 kwa kuunganisha vyombo vinne vilivyokuwapo, nalo liliweka posho ya kila mwezi. Hata hivyo, masharti yake yanafaa kusomwa kwa makini. Posho hiyo husaidia sehemu tu ya gharama za maisha, na imekusudiwa kwa yule asiyepata fedha kutoka chuo chake au kwa mfadhili mwingine. Mwanafunzi anayepanga bajeti kwa kujumlisha posho ya shirika na ruzuku ya chuo huenda akajikuta amehesabu fedha zile zile mara mbili.

Marekani kwenyewe, Bunge lilitenga fedha mwaka 2018 kwa ajili ya kuwalipa vijana wanaojifunza kazi katika ofisi za wabunge: dola milioni 5 kwa Seneti na milioni 8.8 kwa Baraza la Wawakilishi. Ikulu ya nchi hiyo ilisubiri hadi 2022, ilipotangaza kuwa kwa mara ya kwanza katika historia yake itawalipa vijana hao, dola 750 kwa wiki. Kwa wiki kumi ni dola 7,500, fedha ambazo mtoto wa mwenye nyumba Washington angeweza kuzikosa bila kutetereka, ilhali kwa mtoto wa dereva wa teksi ndizo zinazoamua kama atakwenda au hatakwenda.

Pale ofisi inapokuwa haina fedha, mfuko wa pili ni chuo chenyewe. Shule ya utawala ya John F. Kennedy ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, ilianzisha programu yake ya Wanawake na Sera za Umma mwaka 1997, na miongoni mwa kazi za programu hiyo imekuwa ni kuwapa wanafunzi wa uzamili fedha za kujikimu ili watumie kiangazi katika mashirika yanayoshughulikia usawa wa kijinsia. Utaratibu wa vyuo vingi hufanana: mwanafunzi hutafuta ofisi mwenyewe, huandika andiko fupi linaloeleza kazi atakayofanya, huambatanisha barua ya ofisi hiyo, kisha kamati huamua.

Mfuko wa tatu ni wa wahisani na taasisi za utafiti. Bila huo fani yenyewe huenda isingefika ilipo. Katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vingi vya Marekani vilisita kutoa fedha kwa ajili ya masomo ya wanawake, na ruzuku za Mfuko wa Ford ndizo zilizosaidia kuanzisha vituo vya utafiti wa aina hiyo. Ofisa aliyezisimamia, Mariam Chamberlain, alikuwa mwanauchumi. Taasisi ya Utafiti wa Sera za Wanawake iliyoanzishwa Washington mwaka 1987 na mwanauchumi Heidi Hartmann imeutumia ufadhili wenye jina la Chamberlain kuwapokea wanafunzi wa uzamili na kuwafunza uchambuzi wa takwimu za mishahara, likizo na umaskini. Ufadhili huo hufuata mwaka wa masomo badala ya kiangazi, jambo linalomfaa zaidi anayeweza kukaa muda mrefu.

Katika mifuko yote mitatu, kikwazo kinachowasumbua wanafunzi kuliko ushindani wenyewe ni barua mbili zinazosubiriana. Mfadhili hutaka kwanza kuiona barua ya ofisi itakayompokea mwanafunzi. Ofisi nayo hutaka kwanza uhakika kuwa mwanafunzi ana fedha za kujikimu. Tarehe za mwisho za mifuko mingi ya vyuo huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati mashirika mengi madogo ya wanawake hayajui bajeti yake ya Juni. Mwanafunzi mwenye mzazi wa kumdhamini huikata fundo hiyo kwa sentensi moja: "nitajitegemea". Asiye naye hubaki kuzungushwa.

Wanaolifahamu tatizo hilo huomba barua ya masharti, yaani ile inayosema ofisi itampokea mwanafunzi iwapo atapata fedha. Kamati nyingi za vyuo huikubali. Ofisi ndogo isiyo na mwanasheria wala kitengo cha ajira mara nyingi haijui kuwa inaweza kuiandika, hivyo ni juu ya mwanafunzi kuileta ikiwa imekwisha kuandaliwa, ikisubiri sahihi tu.

Kwa wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wanaosoma Marekani, viza huongeza ugumu. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi kupokea malipo ya mafunzo nje ya chuo bila idhini, na idhini hiyo hutolewa mafunzo yanapokuwa sehemu ya mtaala wake. Kwa kawaida hutakiwa awe amesoma mwaka mzima wa masomo kwanza, ingawa programu ya uzamili inayodai mafunzo mapema hupewa msamaha. Anayetumia miezi 12 au zaidi ya mafunzo ya aina hiyo kwa muda wote wa kazi hupoteza haki ya kufanya kazi ya mafunzo baada ya kuhitimu katika ngazi hiyo ya elimu. Nafasi nyingi za serikali ya shirikisho, kwa upande wake, huwa ni za raia pekee, kwa hiyo mashirika yasiyo ya kiserikali na ya kimataifa ndiyo yanayobaki.

Na mashirika hayo yamepitia kipindi kigumu. Januari 2025 utawala wa Rais Donald Trump ulilivunja Baraza la Sera za Jinsia lililoundwa katika Ikulu ya Marekani Machi 8, 2021. Shirika la Misaada la Marekani (USAID), ambalo fedha zake zilipita katika miradi mingi ya wanawake Afrika, lilikoma kuendesha programu zake za misaada Julai 1, 2025. Shirika linapopunguza wafanyakazi, posho ya mwanafunzi huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kufutwa, kwa kuwa hakuna mkataba wa ajira wa kuvunja wala kiinua mgongo cha kulipa.

Katika hali hiyo, macho ya wengi yamegeukia Nairobi. Mji huo ni makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na lile la Makazi, na ofisi yake ya Gigiri ndiyo makao makuu pekee ya Umoja wa Mataifa yaliyomo katika nchi za Kusini. Mwaka 2025 UN Women ilitangaza mpango wa kuhamisha sehemu ya kazi zake kutoka New York kwenda Bonn na Nairobi ili kubana matumizi. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Kampala au Mombasa tofauti si ndogo: Nairobi hufikika kwa basi, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza ya kuingia Kenya, na huenda akawa na shangazi Kayole au Eastleigh wa kumpa chumba.

Vyuo vya kanda hii havikosi watu wa kuzijaza nafasi hizo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha idara yake ya masomo ya wanawake mwaka 1991, kabla ya vyuo vingi vya Afrika. Kinachokosekana ni mfuko. Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 imekuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo, lile linaloitwa na wanafunzi fedha za fildi, na fungu hilo ndilo lililomwezesha mtoto wa mkulima kwenda kujifunza kazi wilayani bila kumwuzisha babaye ng'ombe. Fungu hilo, hata hivyo, limewalenga zaidi wanafunzi wa shahada ya kwanza. Akifika shahada ya uzamili, mwanafunzi huonekana ni mtu mzima anayejiweza, na wengi wao kwa kweli ni watu wazima, wenye watoto.

Jambo la watoto linastahili kutajwa peke yake. Mwanafunzi wa uzamili wa Afrika Mashariki mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au ofisa maendeleo ya jamii aliyerejea darasani akiwa na familia. Ruzuku nyingi za kiangazi hupigiwa hesabu ya mtu mmoja, chumba kimoja na begi moja. Ni nadra kukuta fomu inayouliza nani atalea watoto kwa wiki hizo kumi, hata pale andiko la mwombaji linapohusu malezi.

Aliyekwisha kukosa nafasi ya nje ana njia nyingine, ingawa haina posho ya dola. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ulioanzishwa mwaka 1993 na ulioanza kazi ya kuichambua bajeti ya serikali kwa mrengo wa kijinsia mwaka 1997, umekuwa ukiendesha semina zake za Jumatano huko Mabibo, Dar es Salaam, ambako mwanamke wa mtaani na mhadhiri wa chuo kikuu hukaa ukumbi mmoja kubishana kuhusu maji, mikopo na zahanati. Anayetaka kujifunza jinsi fungu la bajeti linavyosomwa anaweza kuanzia hapo kwa gharama ya nauli ya daladala.

Kwa wanaoendelea kuzisaka nafasi za kimataifa, maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi ni machache. Posho ni kiasi gani, na hulipwa mwanzo wa mwezi au mwisho? Inazuia ruzuku nyingine? Bima ya afya ni ya nani? Malalamiko ya unyanyasaji hupelekwa kwa nani, na je, sera hiyo inamtaja asiye mwajiriwa? Kuuliza hakumharibii mtu nafasi. Ofisi inayoandika sera za wanawake na kuudhika kwa maswali hayo imeshajibu.

Suala la mwisho ni muda. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa humpokea aliye katika masomo ya uzamili, aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au aliyehitimu, mradi aanze mafunzo ndani ya mwaka mmoja tangu kuhitimu. Baada ya hapo mlango huo hufungwa, hata kama fedha zimepatikana.